Namna ya Kutoka na Kuonekana Hadharani Ukiwa Katika Likizo ya Ugonjwa kwa Sababu ya Msongo wa Mawazo

Mtu aliyepewa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya msongo wa mawazo huanza kujiuliza, pengine tangu siku ya kwanza, kama inafaa aonekane nje ya nyumba yake. Aliyevunjika mguu hutoka na plasta yake na magongo yake, na kila anayekutana naye humpa pole bila kuuliza zaidi. Huyu wetu hana plasta ya kuonyesha, na akionekana barabarani akitembea taratibu au amekaa mahali akizungumza na rafiki, anahofu kwamba atakayemwona atakwenda kusema kazini kuwa anajifanya mgonjwa. Kwa hofu hiyo wengi hujifungia ndani, huwatuma watoto dukani na kukataa wageni, na likizo iliyokusudiwa kuwatibu hugeuka kifungo kinachowazidishia ugonjwa. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Msimamo wangu ni kwamba kutoka nje, kukifanywa kwa kipimo na kwa kuafikiana na daktari, ni sehemu ya matibabu, na anayetoka kwa utaratibu huo hana jambo la kuficha.

Elewa kwanza cheti chako kinasema nini

Cheti cha daktari kinaeleza kwamba kwa muda fulani huwezi kutekeleza majukumu ya kazi yako. Kwa kawaida hakisemi kwamba huwezi kutembea, kununua mahitaji au kumtembelea ndugu, na hakisemi kwamba unapaswa kulala kitandani, isipokuwa daktari ameandika hivyo kwa makusudi. Tofauti hii ni ya msingi, kwa kuwa lawama nyingi anazotupiwa mgonjwa wa msongo, na nyingine anazojitupia mwenyewe, zinatokana na kudhani kwamba asiyeweza kufanya kazi hawezi, au hapaswi, kufanya chochote.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeeleza uchovu mkubwa unaotokana na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kushuka kwa uwezo wa kuitimiza. Shirika hilo haliihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa. Linaitaja kama jambo linalohusu mazingira ya ajira peke yake, ambalo halipaswi kutumiwa kueleza sehemu nyingine za maisha. Kwa hiyo usishangae cheti chako kikitaja wasiwasi, sonona (yaani huzuni nzito ya muda mrefu) au athari za msongo badala ya uchovu wa kazi. Usishangae pia ukiona kwamba unaweza kufurahia matembezi ya jioni huku moyo ukienda mbio kwa kuona tu ujumbe wa meneja kwenye simu. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili, na mgonjwa akilielewa hilo mwenyewe, anakuwa na la kujibu anapoulizwa na wengine.

Zipo pia sababu za kimwili za kutoka. Shinikizo likidumu kwa muda mrefu, mwili hubaki katika hali ya tahadhari inayoendeshwa na homoni kama adrenalini na kotisoli, na usingizi huvurugika. Mwanga wa asubuhi husaidia saa ya ndani ya mwili kujua mchana ni upi na usiku ni upi, na mwendo wa miguu hupunguza mkazo wa misuli. Kwa upande wa akili, wataalamu wa tiba ya saikolojia wanafahamu vizuri kwamba kukwepa jambo unaloliogopa huleta nafuu ya muda mfupi na kuikuza hofu kwa muda mrefu. Anayekwepa kuonana na watu kwa majuma mengi hurudi kazini akiwa na mzigo wa pili, yaani hofu ya watu wenyewe. Ndiyo maana mojawapo ya tiba zinazotumika kwa sonona humtaka mgonjwa apange shughuli ndogo za kila siku na kuzifanya hata kabla hamu haijarudi, kwa kuwa mara nyingi hamu huja baada ya kitendo.

Jua kanuni za mahali ulipo kabla ya kutoka

Hapa sitaki mtu abahatishe, kwa sababu kanuni hutofautiana sana. Nchini Ufaransa, mfanyakazi aliye katika likizo ya ugonjwa anatakiwa awe nyumbani kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi na kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri, siku zote za juma, isipokuwa anapokwenda kutibiwa au daktari anapoandika kwenye cheti kwamba yuko huru kutoka wakati wowote. Italia nayo ina saa za kukaguliwa, ambazo mgonjwa anaweza kutembelewa na daktari aliyetumwa kuthibitisha hali yake. Nchini Ujerumani hakuna amri ya jumla ya kukaa nyumbani. Kinachokatazwa ni kufanya mambo yanayochelewesha kupona. Mtu akisoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi moja na kuutumia katika nyingine, anaweza kupoteza malipo yake bila kujua amekosea wapi.

Soma basi cheti chenyewe, mkataba wako wa ajira, kanuni za utumishi za mahali pako pa kazi, na masharti ya bima kama malipo yako yanatoka huko. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, muulize mwakilishi wenu. Mara nyingi amekwisha kuona kesi kama yako. Angalia hasa mambo matatu: kama kuna saa unazotakiwa kuwa nyumbani, kama unahitaji kibali ili kusafiri nje ya eneo lako, na kama unatakiwa kupokea simu za mwajiri au kuhudhuria vikao vya kufuatilia hali yako.

Kisha zungumza na daktari kwa uwazi, na umwulize maswali yanayojibika. Swali la jumla kama “Je, naruhusiwa kutoka?” huleta jibu la jumla. Mwulize: “Daktari, ninapenda kutembea kila asubuhi na kwenda ibadani mwishoni mwa juma, je, kwa hali yangu hilo linanifaa, na je, waweza kuliandika kwenye faili langu?” Mwulize pia kuhusu mazoezi, safari, sherehe, na masomo kama unayo. Neno la daktari lililoandikwa lina uzito ambao maelezo yako ya baadaye hayatakuwa nao, hata yakiwa ya kweli kabisa. Kama umepewa dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi, hakikisha umeuliza kama unaweza kuendesha gari, kwa kuwa baadhi yake huleta usingizi na kupunguza wepesi wa kuitikia hatari.

Panga matembezi kwa kipimo cha nguvu ulizonazo

Katika siku za mwanzo wagonjwa wengi wanahitaji kulala na kunyamaza, na hakuna haja ya kuharakisha. Unapoona usingizi umeanza kukaa sawa, anza na matembezi mafupi, karibu na nyumbani, kwa saa ambazo watu si wengi. Chagua njia ambayo unaweza kuikatiza na kurudi wakati wowote. Kama hofu ni kubwa, mwombe mtu unayemwamini akusindikize, na mwambie mapema kwamba hutapenda kuzungumzia kazi. Baada ya hapo ongeza jambo moja kwa wakati wake: umbali kidogo, au watu kidogo, au muda kidogo, lakini si vyote kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Nalitaja kwa sababu wapo watakaolisikia na kuligeuza kuwa lengo la kazi, wakianza kuhesabu hatua na kujilaumu kwa upungufu, hasa wale ambao ugonjwa wao ulitokana na kutaka kutimiza kila kitu kwa ukamilifu. Ukiwa mtu wa namna hiyo, iache saa inayohesabu hatua nyumbani. Kipimo kinachokufaa zaidi ni hali yako ya kesho yake. Ukiamka umetulia, au hata umechoka lakini uchovu wa kawaida wa mwili, matembezi ya jana yalikuwa ya kiasi. Ukiamka na kichwa kizito, machozi karibu, na hamu ya kutomwona mtu, punguza kwa siku mbili tatu kisha ujaribu tena kwa kiwango kidogo zaidi.

Huenda ukiwa njiani moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka na pumzi ikawa fupi. Simama au keti mahali salama, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, na uangalie vitu vilivyo mbele yako kimoja baada ya kingine mpaka wimbi lipite, kwa maana hupita. Ukiweza, usikimbilie nyumbani wakati hofu iko kileleni. Ngoja ipungue kidogo ndipo urudi, ili akili isijifunze kwamba nyumbani ndiko peke yake kulikosalimika. Maumivu ya kifua yasiyokwisha au kuzimia ni jambo la kwenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo, mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru yasisubiri miadi ijayo: mwambie mtu aliye karibu nawe na uende kwenye huduma ya dharura siku hiyohiyo, hata kama unaona aibu kuyatamka.

Unapokutana na mtu wa kazini

Hili ndilo linalowanyima wengi usingizi, nami nalipa nafasi kubwa kwa sababu hiyo. Mtu akijua mapema atasema nini, nusu ya hofu huondoka kabla hajafungua mlango.

Salamu zetu zina sehemu ya kumjulia mtu hali, na mtu akisikia kwamba mwenzake anaumwa hutoa pole. Karibu kila mara pole hiyo ni ya dhati. Ipokee kama ilivyo. Mwenzako akisema, “Ee, ndugu yangu, pole sana, tulisikia unaumwa,” inatosha ujibu, “Nashukuru sana, nimekwisha kupoa kidogo, naendelea na matibabu. Ninyi hamjambo huko?” Hapo umejibu kweli, hukutaja ugonjwa, na umemrudishia nafasi ya kuzungumza. Akiuliza kwa udadisi, “Kwani unaumwa nini hasa?” unaweza kusema, “Ni mambo niliyoyaacha kwa daktari, ila ananisimamia vizuri,” kisha ukabadilisha mazungumzo kwa kumwuliza habari za nyumbani kwake. Akisema, “Mbona unaonekana mzima?” usijitetee kwa maelezo marefu. Mwambie, “Nafurahi kusikia hivyo, daktari amenihimiza nitembee, na naona inanisaidia.”

Mkubwa wako wa kazi akikukuta, heshima ya kawaida inatosha. Msalimu kama unavyomsalimu siku zote, na kama ana cheo au umri wa kuamkiwa, mwamkie. Akianza kuulizia faili au mteja, una haki ya kusema kwa upole, “Naomba radhi, mzee, daktari amenitaka nisishughulike na kazi kwa sasa, naomba jambo hilo alishike aliyebaki ofisini, nami nitalikuta nikirudi.” Ni vizuri kuifanyia mazoezi sentensi hiyo kwa sauti nyumbani, mara kadhaa, mpaka itoke bila kutetemeka. Mazungumzo yakishakuwa mazito, kuaga si utovu wa adabu: “Nakuomba uniruhusu, sijazoea bado kusimama muda mrefu.”

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: usiigize ugonjwa. Wapo ambao wakimwona mtu wa kazini hukunja uso, hupunguza mwendo au hutunga habari ya homa, kwa kudhani ndivyo wataaminika. Uongo mdogo wa namna hiyo huhitaji kutunzwa, na kuutunza ni shinikizo jipya kwa mtu aliyeambiwa apumzike. Tena ukigunduliwa, unatia shaka hata kwenye lile lililokuwa kweli. Kucheka ukiwa katika likizo ya ugonjwa kunaruhusiwa. Kama kicheko kimerudi baada ya miezi ya kutokuwepo, hiyo ni habari njema ya kumpelekea daktari.

Sherehe, picha na mitandao ya kijamii

Matembezi ya peke yako hayaleti maswali mengi kama harusi, misiba na mikusanyiko ya ukoo. Huko kuna kelele, kuna kukaa muda mrefu, na kuna majukumu ambayo watu huyagawa bila kuuliza. Ukiona unaweza kwenda, nenda kwa muda mfupi uliouamua kabla, waarifu wenyeji kwamba utaondoka mapema, na ukatae kwa adabu kuwekwa kwenye kamati. Mchango wa fedha au salamu zilizotumwa kwa mtu vinatosha kwa kipindi hiki, na ndugu wenye busara wataelewa.

Kuhusu picha, ushauri wangu ni kutoweka chochote mitandaoni mpaka likizo iishe, na kuwaomba wengine wasikutaje. Sisemi hivyo kwa sababu kutabasamu ni kosa. Picha hushika nukta moja ya siku nzima, na anayeitazama ofisini haoni kwamba ulikaa hapo nusu saa, ukarudi nyumbani na kulala mpaka jioni. Zaidi ya hapo, maoni ya watu chini ya picha yanakurudisha kwenye hukumu ya macho ya wengine, jambo ambalo ungependa likuache upumzike. Kundi la WhatsApp la kazini liweke kimya, au utoke kwa kuaga vizuri kama taratibu zenu zinaruhusu.

Kuna mambo mawili ambayo ni hatari kweli kweli, nayo yasichanganywe na matembezi ya kawaida. La kwanza ni kufanya kazi nyingine ya malipo wakati unalipwa likizo ya ugonjwa, hata kama ni biashara yako ndogo ya jioni. Mahali pengi hilo laweza kukufikisha kwenye hatua za nidhamu au kusimamishiwa malipo, na daktari hawezi kukutetea kwa jambo ambalo hukumwambia. La pili ni kushiriki jambo linalopingana waziwazi na sababu iliyoandikwa kwenye cheti, kwa mfano kusimamia mkutano mkubwa wa watu wakati cheti kinasema huwezi kuhimili mikusanyiko. Ukiwa na shaka, uliza kabla.

Kwa walio nyumbani nawe

Wakati mwingine neno linaloumiza zaidi hutoka kwa mwenzi au mzazi: “Kila siku unatoka, sasa kwa nini usirudi kazini?” Anayesema hivyo mara nyingi ana wasiwasi wa kipato na wa maneno ya majirani, na hajaelezwa. Keti naye siku ambayo nyote mmetulia, umweleze kwamba kutembea saa moja kwa hiari yako, ukijua waweza kurudi wakati wowote, hakulingani na kukaa saa nane ukifanya maamuzi, ukikatizwa kila mara na ukibeba lawama za makosa. Ikiwezekana, nenda naye kwa daktari mara moja. Mwombe pia jambo dhahiri la kukusaidia, kama vile kuwajibu wanaouliza mlangoni, kwa sababu mtu aliyepewa sehemu katika matibabu huwa mwepesi zaidi wa kuyaamini.

Mwajiri akilalamika kwamba umeonekana

Usijibu kwa simu ukiwa umeshtuka. Omba lalamiko liletwe kwa maandishi, kisha ujibu kwa maandishi, kwa ufupi: kwamba matembezi hayo ni sehemu ya matibabu, kwamba daktari anayafahamu, na kwamba uko tayari kufanyiwa uchunguzi na daktari mwingine endapo taratibu zinataka hivyo. Huna haja ya kuambatanisha maelezo ya ndani ya ugonjwa wako, kwani kwa kawaida mwajiri anahitaji kujua uwezo wako wa kufanya kazi na muda unaotarajiwa wa kurudi, wala si yale uliyomweleza mshauri nasaha. Barua fupi ya daktari inatosha mara nyingi. Kama mambo yanazidi, mpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria ayashughulikie, ili nguvu zako zibaki kwenye kupona.

Likizo inapokaribia mwisho

Juma au majuma mawili kabla ya kurudi, matembezi yako yabadilike kidogo. Amka saa ileile utakayoamka siku za kazi, vaa, na utoke. Siku moja pita njia ya kwenda kazini na urudi bila kuingia. Siku nyingine kaa mahali palipo karibu na jengo hilo kwa dakika chache, ukiangalia mwili wako unaitikiaje. Mwone pia mwenzako mmoja unayemwamini nje ya ofisi, ili siku ya kwanza usiingie ukiwa mgeni.

Andika ulichoona katika majaribio hayo, kwa sentensi mbili tatu kila siku, na umpelekee daktari kabla cheti hakijaisha. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2010, daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa anaweza kufanya kazi kwa masharti, kama vile kuanza kwa saa chache au kupunguziwa baadhi ya majukumu; hata mahali ambapo cheti hakina nafasi ya maneno hayo, unaweza kumwomba daktari ayaandike kwenye barua ya kawaida na kuipeleka kwa idara ya rasilimali watu. Kama kupita tu karibu na jengo kulikunyima usingizi kwa usiku kadhaa mfululizo, mweleze hivyo bila kupunguza, kwa sababu hicho ndicho kitakachomwezesha kuamua kama urudi kwa hatua au uongezewe muda.